Mgeni na Wenyeji Chomboni: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Spinaka

Katika kazi ya kuhakiki istilahi tumezoea kupokea orodha za uhasibu, za sheria, za kilimo na za mitambo. Istilahi za bahari hutufikia kwa nadra. Huenda sababu yake ni ile dhana iliyoenea kwamba lugha iliyozaliwa pwani haina haja ya kukaguliwa maneno yake ya baharini. Rasimu tunayoihakiki katika makala hii inaonyesha kwamba dhana hiyo ina hatari zake.

Rasimu yenyewe ni tafsiri ya mwongozo mfupi wa kuwafundisha vijana namna ya kufunga, kutweka na kutua spinaka katika mashua za safari, yaani zile mashua za matanga za starehe na mafunzo ambazo mkazi wa Dar es Salaam huziona zimetia nanga katika ghuba ya Msasani. Mfasiri hatumtaji, wala ofisi iliyomtuma haituhusu. Kinachotuhusu ni maneno aliyoyachagua, kwa kuwa maneno hayo yatatamkwa kwa sauti kuu, katika upepo, na mtu ambaye ana nukta chache tu za kueleweka.

Hoja yetu ni moja. Mfasiri amemnyima mgeni jina lake, na papo hapo amewanyang'anya wenyeji majina yao.

Kitu chenyewe

Haiwezekani kupima istilahi bila kukijua kitu kinachotajwa. Kwa hiyo tunaomba radhi kwa wasomaji wanaokijua. Spinaka ni tanga jepesi la pembe tatu, aghalabu la kitambaa chembamba cha nailoni, ambalo hutumika chombo kinapokwenda na upepo utokao nyuma. Matanga mengine ya mashua ya namna hiyo hushikizwa kwa ukingo wao mmoja, ama katika mlingoti, ama katika kamba inayoshuka kutoka mlingotini hadi omoni. Spinaka halishikizwi hivyo. Hushikwa kwa pembe zake tatu tu, na sehemu yote iliyobaki hutuna mbele ya chombo kama mwavuli.

Pembe ya juu huinuliwa kwa kamba ipitayo katika roda iliyo karibu na kilele cha mlingoti. Pembe ya chini iliyo upande utokako upepo husukumiwa nje na mti mrefu unaotoka mlingotini, na kamba ya pembe hiyo hurudi tezini. Pembe ya pili ya chini haina mti. Huongozwa kwa kamba peke yake. Mti nao una kamba zake mbili, moja ya kuuzuia usianguke na ya pili ya kuuzuia usipae. Kwa hiyo mwanafunzi wa spinaka ana kamba tano za kuziangalia, na kila moja ina wakati wake wa kuvutwa na wakati wake wa kulegezwa.

Wakati huo ukikosewa, madhara hayakawii. Upepo ukizidi ghafla na kamba ya upande wa chini isilegezwe, chombo huweza kukata chenyewe kuelekea upepo na kulala ubavu. Tanga likinywea bila kuangaliwa, huweza kujizonga katika kamba ya omo kiasi cha kutofunguka kwa urahisi. Mwalimu humfundisha mwanafunzi tangu siku ya kwanza asiizungushe kamba mkononi, kwa maana tanga likijaa kwa ghafla litaondoka na vidole. Kazi ya namna hii inataka amri moja kwa kitendo kimoja, na jina moja kwa kamba moja. Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia.

Jina la mgeni

Mfasiri hakutaka kutohoa. Tanga hilo ameliita "tanga puto la mbele la upepo wa nyuma". Tunaielewa nia yake, na tunakiri kwamba maelezo hayo si ya uongo. Lakini istilahi haipaswi kubeba maelezo yote ya kitu. Kazi hiyo ni ya fasili. Maneno manane hayawezi kuitwa kutoka tezini hadi omoni. Mabaharia watakaopewa jina hilo watalikata wenyewe, mmoja atasema "puto" na mwingine "la mbele", nasi tutakuwa tumezaa majina mawili badala ya moja.

Yafaa kukumbuka kwamba tanga hili lilianza kutumika katika mashindano ya mashua huko Uingereza katika miaka ya 1860, na kwamba Waingereza wenyewe hawaafikiani juu ya asili ya jina lake. Jina ambalo halina maana iliyo wazi kwa wenyewe haliwezi kutafsiriwa. Linaweza tu kupokewa. Kitu hiki hakikuwapo katika majahazi wala katika ngalawa zetu. Ni mgeni, na mgeni huja na jina lake.

Wanaoona haya kutohoa tunawaalika wasimame katikati ya Kariakoo. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, mahali pale palikuwa na kambi ya jeshi la wapagazi, na jina la Kiingereza la jeshi hilo likalainishwa na ndimi za watu hadi likawa Kariakoo. Leo hakuna anayelihisi kuwa ni geni. Lina irabu zake, lina ngeli yake, na limezaa misemo yake. Chomboni vilevile mambo ni hayo: nahodha ni neno la Kiajemi, foromali limetokana na Kiarabu, bendera na roda yametoka kwa Wareno. Utohozi haukuidhoofisha lugha ya mabaharia wetu. Tunapendekeza, basi, kwamba spinaka liitwe spinaka.

Kamba isiyo na jina

Kosa kubwa la rasimu linaanza pale mgeni anapokwisha kuingia chomboni. Katika ukurasa wake wa pili tunasoma agizo hili: "Vuta kamba huku ukilegeza kamba ya pili, kisha funga kamba." Tumehesabu katika ukurasa huo neno "kamba" mara kumi na nne. Mara chache limeongezewa sifa, kama "kamba ya kulia" au "kamba ya kuinulia". Mara nyingi limeachwa tupu.

Tuliuchukua ukurasa huo tukaenda nao Kariakoo, katika duka moja dogo la kamba na maturubai lililo mitaa michache kutoka sokoni. Mwenye duka ni mzee ambaye ujana wake ulipita katika majahazi yaendayo Mafia. Tulimwamkia, tukamwomba atusikilize, kisha tukamsomea agizo hilo. Alitutazama kwa muda.

"Kamba ipi, wanangu?" akauliza. "Hapa dukani zote hizi ni kamba. Chomboni hakuna kamba. Kuna jarari, kuna demani. Kamba ni ya kufungia mbuzi."

Tulimwonyesha mchoro. Spinaka hakuwahi kulitumia, lakini hakuchelewa. Aliweka kidole juu ya kamba ya upande wa chini akasema hiyo ni demani. Aliweka kidole juu ya ile iliyofika kwenye mti, akasema huo ni upande wa joshi, na hiyo ndiyo kamba ya joshi. Tukamuuliza itakuwaje chombo kikigeuka, maana tanga hili pembe zake hubadilishana: iliyokuwa kwenye mti itaachwa huru, na iliyokuwa huru itapewa mti.

"Basi na majina yatabadilishana," akajibu. "Demani ni ya upande unakokwenda upepo. Upepo ukihama, jina linahama."

Jibu hilo lina uzito mkubwa kuliko alivyodhani mzee wetu. Tatizo la kamba mbili za chini za spinaka ni kwamba kamba ile ile hufanya kazi mbili kwa zamu, na kwa sababu hiyo Waingereza huipa majina mawili kulingana na upande ilipo. Rasimu ilijaribu kulikwepa tatizo hili kwa kusema "kamba ya kulia" na "kamba ya kushoto". Njia hiyo haifai, kwa kuwa mwanafunzi akiisha kugeuza chombo, agizo la "legeza kamba ya kulia" litakuwa na matokeo yaliyo kinyume cha yale ya kwanza. Demani na joshi havina udhaifu huo. Tangu asili maneno haya yanataja mahali pa kitu kuhusiana na upepo. Ndiyo maana husemwa pia upande wa demani na upande wa joshi. Kiswahili kilikuwa na jawabu kabla ya swali kuulizwa.

Wala maneno haya hayakufichika. Yamo katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, pamoja na foromali, henza, jarari, gofia, omo na tezi. Mfasiri hakuhitaji hata kupanda daladala kwenda Kariakoo. Ilitosha kufungua kitabu.

Foromali iliyoshushwa

Mahali pamoja mfasiri alilifuata neno la wenyeji, na hapo tungependa kumpongeza, lakini amelitia mahali pasipo pake. Ule mti unaolala chini ya tanga kuu la mashua ya kisasa ameuita "foromali".

Foromali ya jahazi iko juu. Ni ule mti mrefu unaobeba ukingo wa juu wa tanga, na ndio unaotwekwa pamoja na tanga lenyewe. Mti wa tanga kuu la mashua ya kisasa uko chini, kwa kawaida si mbali na vichwa vya waliokaa tezini, na chombo kinapogeuzwa kwa upepo wa nyuma huvuka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kwa nguvu nyingi. Sasa na tumfikirie kijana aliyelelewa katika mashua za Magogoni, anayejua foromali ni nini. Mwalimu anapiga kelele: "Angalia foromali!" Kijana anainua uso na kutazama juu. Mti unampiga utosini. Hapa kosa la istilahi limekuwa jeraha, na aliyeumia ni yule hasa aliyekijua Kiswahili chake vizuri.

Wapo watakaoshauri tutohoe na kusema "bumu". Hatuoni faida, bumu ni aina ya bundi, na sauti yake imekaribiana mno na bomu. Tunapendekeza "foromali ya chini", na tunasisitiza kwamba sifa hiyo "ya chini" isiachwe hata katika mazungumzo ya haraka, kwa kuwa ndiyo inayoelekeza macho.

Kugeuza na kurusha

Kasoro ya nne ni ya vitenzi. Rasimu inatumia "kugeuza chombo" kwa mambo mawili: kukipitisha chombo omo yake ikikata upepo, na kukipitisha tezi yake ikikata upepo. Kwa mtu wa nchi kavu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwenye spinaka ni kubwa, kwa sababu tanga hili huweza kupitishwa upande wa pili likiwa limejaa katika njia ya pili, wala haliwezi katika njia ya kwanza. Mabaharia wa pwani wana neno "kubisha" kwa kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, na wana neno "kukisi" kwa kulihamisha tanga upande wa pili. Wenye majahazi wanaijua vizuri kazi hiyo ya pili, kwa kuwa jahazi kwa kawaida hugeuzwa kwa kupitisha tezi katika upepo, na foromali yake ikazungushwa mbele ya mlingoti. Hakuna sababu ya kuviacha vitenzi viwili vilivyo wazi na kushika kimoja chenye utata.

Kuhusu "kurusha spinaka", neno linaloonekana hata katika jina la mwongozo, hatuna budi kusema wazi kwamba limebebwa mzima mzima kutoka katika Kiingereza, ambako tanga hili husemwa kama kishada. Kwa Mswahili kurusha ni kukitupa kitu mbali na mkono. Kijana akiambiwa "rusha tanga" anaweza kulitupa baharini, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Tanga hutwekwa, likipata upepo hujaa au hutuna, likiupoteza hunywea, kazi ikiisha hutuliwa. Vitenzi hivi vinne vinakamilisha somo lote. Hata kanuni maarufu ya kuliongoza spinaka inasemeka navyo bila taabu: legeza demani polepole hadi ukingo wa upande wa joshi uanze kukunjamana, kisha vuta kidogo hadi tanga litune tena.

Pingamizi

Tumekwisha kusikia pingamizi mbili, na zote zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni kwamba maneno kama joshi na jarari hayajulikani na Watanzania walio wengi. Mwalimu aliyezaliwa Dodoma au Tabora, yasemwa, hatayaelewa. Hilo ni kweli. Lakini mwalimu huyo hajui pia "tanga puto la mbele la upepo wa nyuma", wala Mwingereza wa bara hazaliwi akijua majina ya kamba za chombo. Istilahi za kazi hufunzwa pamoja na kazi. Swali linalotuhusu ni kama neno, likiisha kufunzwa, litamwongoza mwanafunzi kwenye kitu kimoja tu, na kama litamwezesha kuzungumza na wale waliomtangulia katika kazi hiyo. Kijana aliyefunzwa "kamba ya kulia" huko Msasani hataelewana na baharia wa Magogoni. Aliyefunzwa "demani" ataelewana naye siku hiyo hiyo.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni kwamba wenyeji wenyewe hawaafikiani. Tulilithibitisha jambo hili. Kutoka Kariakoo tulikwenda hadi Magogoni, karibu na soko la samaki, tukauliza jina la kamba ya kupandishia tanga. Baharia mmoja alisema jarari, mwenzake akasema henza, wakabishana mbele yetu. Katika jahazi wote wawili wana haki, maana kuna kamba mbili: henza ni ile nene inayoibeba foromali na kupita kileleni, na jarari ni ile nyembamba ipitayo katika gofia ambayo mkono huivuta. Mashua ya kisasa ina kamba moja inayofanya kazi zote mbili. Tumechagua jarari, kwa sababu katika amri mtu huambiwa avute, na kinachovutwa kwa mkono ni jarari. Hatudai kwamba uamuzi huu hauna upande wa pili. Tunachodai ni kwamba ubishi wa mabaharia wawili juu ya maneno yaliyo hai una manufaa zaidi kuliko ukimya wa mezani juu ya neno "kamba".

Kuna pia neno moja tunalolipendekeza kwa tahadhari. Mti wa spinaka, ambao rasimu inauita "fimbo", tunaona uitwe "upondo". Tunajua kwamba upondo ni mti wa kuendeshea chombo katika maji machache. Lakini umbo ni lile lile, ni mti mrefu mwepesi wa kusukumia, na ukiitwa "upondo wa spinaka" hautachanganywa na mwingine. Fimbo ni ya kuchapia, na ni fupi mno. Zipo mashua ambazo hazitumii upondo kabisa, bali hufunga pembe ya joshi ya spinaka katika mti uliochomoza mbele ya omo. Mti huo una jina lake tangu zamani kwa wenye majahazi, nalo ni dasturi.

Mapendekezo

Kwa kufuata utaratibu unaofahamika katika kazi za Baraza tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, yaani kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kwenda kwingine, tunapendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

Spinaka: tanga jepesi la pembe tatu la kutumia upepo wa nyuma.
Jarari: kamba ya kutwekea na kutulia tanga.
Demani: kamba ya pembe ya chini iliyo upande unakokwenda upepo.
Kamba ya joshi: kamba ya pembe ya chini iliyo upande utokako upepo.
Upondo wa spinaka: mti wa kuisukumia nje pembe ya joshi.
Kamba ya juu ya upondo, kamba ya chini ya upondo: kamba za kuuzuia upondo usianguke na usipae.
Dasturi: mti uliochomoza mbele ya omo wa kufungia pembe ya joshi.
Foromali ya chini: mti wa ukingo wa chini wa tanga kuu.
Kubisha: kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, omo ikipita katika upepo.
Kukisi: kuhamisha tanga upande wa pili, tezi ikipita katika upepo.
Kutweka, kujaa au kutuna, kunywea, kutua: hali na vitendo vya tanga.

Katika orodha hii yote maneno mageni mapya ni moja tu. Hiyo ndiyo hesabu tungependa mfasiri wetu aitafakari atakapoirudia rasimu yake. Alikuwa akiogopa kwamba Kiswahili kitamezwa na Kiingereza kwa neno spinaka, na katika kulikimbia neno hilo akayaacha nyuma maneno kumi ya Kiswahili. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunamshauri arudi huko kabla kijana wa kwanza hajapanda chomboni na rasimu hii mkononi.

Kwa walimu na watumishi walio karibu na pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara na visiwani, tuna ombi. Wale waliozijua henza na jarari kwa viganja vyao wanazidi kupungua mwaka hata mwaka, na injini imekwisha kuchukua nafasi ya tanga katika vyombo vingi. Nendeni na daftari kwa wazee hao, muwaulize majina ya kila kamba na kila mti, na muandike pia pale wasipoafikiana. Tofauti hizo tunazihitaji sawasawa na maafikiano.